Ribiti Kumi na Moja

Mkono wa fundi ulikwama kwenye kiwiko ndani ya tundu la bawa kwa mara ya tatu asubuhi hiyo. Akauchomoa taratibu, ukiwa umechubuka, akajibwaga sakafuni na kuliangalia lile bawa kwa chuki. Miaka sita alikuwa akijijengea ndege yake gerejini, gari likilala nje na kuota kutu, na sasa ribiti kumi na moja tu, vijisumari vya kuunganisha bati, zilikuwa zikimfanya mjinga.

Zilikuwa kule nchani mwa bawa, mahali palipobana. Ribiti haipigwi na mtu mmoja. Nje, nyundo ya upepo inagonga kichwa chake. Ndani, mtu anaukinga mkia kwa kipande cha chuma mpaka ubonyee na kulala bapa. Chuma kikiteleza, ribiti inapinda, itobolewe upya. Na njia ya kuingia huko ndani ilikuwa tundu moja tu, upana wake kama mdomo wa kikombe cha chai.

Alikuwa amejaribu kila hila. Alikifunga chuma kwenye fimbo, kikadondoka. Alimwita jirani, fundi cherehani mwembamba, naye akaishia kwenye kiwiko akarudi zake anacheka. Hata mkewe alijaribu mwanzoni mwa mwaka. Ilibidi atolewe kwa mafuta ya kupikia, wakataniana mwezi mzima.

Mkaguzi wa ndege alikuwa anakuja kesho. Safari iliyopita alisema wazi kwamba akilikuta tena bawa halijafungwa, kibali anakifuta. Machozi yakamlengalenga fundi, akasingizia vumbi la bati.

"Ngoja nijaribu mimi," mkewe alisema kutoka mlangoni. Alikuwa amevaa gauni pana la mikono mirefu, na joto lote lile.

"Wewe? Umesahau mafuta, mke wangu?"

"Sijasahau. Shika nyundo yako."

Bawa lilisimama wima kwenye fremu, refu kuliko mtu. Fundi akabaki upande wa nyundo, mkewe akazunguka upande wa tundu, wakawa wanasikiana tu bila kuonana. Bati likakwaruzwa kwa ndani.

"Nimefika," mkewe akasema.

"Umefika wapi?"

"Mwisho kabisa. Bega ndilo limenizuia."

Fundi nusura aruke. "Kumbe kuacha sukari kuna faida!"

"Ndiyo hivyo. Haya, piga kabla sijachoka."

Nyundo ikanguruma. Ya kwanza ikakaa, ya pili ikakaa, ya tatu ikakaa. Ya nne ikapinda.

"Kaza mkono, jamani!"

"Nakaza."

Akaitoboa, akaweka nyingine. Baada ya ya saba mkewe aliomba apumzike kidogo. Fundi akamsihi asimwangushe sasa, zimebaki nne tu, atapumzika kesho siku nzima. Chuma kikagusa bati tena.

Ya kumi na moja ilipokaa, fundi alilitikisa bawa kwa furaha. Ndani kikalia kitu, chepesi, kikiviringika. Hakuna mkaguzi anayepitisha bawa lenye kitu kinachozurura ndani yake.

"Umeacha nini humo?" akafoka, akizunguka bawa. "Miaka sita, halafu unaniachia kitu humo!"

Mkewe alikuwa amekwisha kurudisha mkono ndani, shavu kwenye bati, macho ameyafumba, anapapasa.

"Usinifokee. Nimeshaipata."

Akauchomoa mkono, akafumbua kiganja. Ilikuwa pete yake ya ndoa.

"Imetokaje?" fundi akauliza.

"Siku hizi inatoka yenyewe. Nilitaka umalize bawa kwanza, ndipo nikwambie."

Akaivaa kwenye kidole gumba. Hata huko ilipwaya.