Joto la Watiri

Murugi alikuwa dukani kwa Govind, mjini Nyeri, akimchagulia mke mwenza zawadi. Mke mwenza mwenyewe alikuwa na magurudumu manne, na nyuma ameandikwa WATIRI kwa rangi nyekundu.

Govind alimpangia geji tatu juu ya kaunta: ya oili, ya chaji ya betri na ya joto la maji. Zote zilikuwa mpya, ukingo unang'aa. Murugi alizitazama kwa uchungu. Miaka kumi na miwili ya ndoa hajanunuliwa hata hereni, na leo ni yeye anayempamba mwenzake.

Lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame. Murugi alitaka Ijumaa zake zirudi.

Kila Ijumaa mumewe, Kingori, alitoka Gatitu kupeleka viazi Kutus, na jioni hiyo hiyo alirudi na mchele. Pikapu ilikaa mwaka mzima bila jina. Kisha Januari, mwaka huo wa 1971, akarudi nayo imeandikwa jina la mama yake. Kwao binti wa kwanza huitwa jina la mama wa baba, na Murugi alikuwa amezaa wavulana wanne, basi. Kingori alisema mama amezeeka, acha jina lake litembee hata kwenye gari. Maneno hayo yalimchoma Murugi, kwa maana tumbo lililokosa kulileta jina hilo lilikuwa lake. Mama mkwe alimshukuru Mungu mpaka akatoa machozi, furaha ambayo Murugi aliona imezidi kimo cha pikapu.

Tangu hapo Ijumaa zikaharibika. Wiki hii Kingori anarudi, wiki ijayo analala Kutus, na sababu ni ile ile: Watiri amepandisha joto. Gari likipata pancha lilikuwa gari tu. Likipandisha joto lilikuwa Watiri, na sauti ya Kingori ililainika kuliko alivyowahi kumsemesha mkewe.

Murugi aliona wivu, na hakuuficha. Aliona wivu wa matambara ya kufutia vioo. Aliona wivu zaidi siku alipokuta nyuma ya kiti blanketi jipya, dogo, laini kama pamba. Kingori alimwambia ni la kufunika injini asubuhi za baridi. Halingefunika hata nusu ya boneti. Murugi, ambaye bado alijifunika lile la harusi, aliipiga teke tairi ya mbele akaumia kidole, na majirani wakapata cha kucheka wiki nzima.

Sasa Govind alikuwa akimshauri achukue geji ya oili, maana oili ndiyo damu ya injini. Murugi alikataa. Alitaka ya joto.

"Inachemka wapi, mama?"

"Kutus."

Govind alikuna kidevu. Alisema huko ni tambarare, na gari huchemka likipanda, likija huku kupitia Karatina, si likiwa limefika chini na kupumzika. Tena injini ya aina hiyo anaijua, si ya kuchemka ovyo.

"Hii iko na maringo," Murugi alimjibu. "Inachemka ikitaka kubembelezwa."

Govind alicheka, akamwonyesha namba za kwenye geji, za Farenhaiti. Mia moja na themanini, gari liko sawa. Mia mbili na kumi na mbili, maji yanachemka, simama. Chini ya mia na hamsini injini bado haijaamka. Murugi alizirudia njiani mpaka Gatitu.

Alhamisi alimkabidhi Kingori kisanduku. Kingori alikifungua, akaigeuzageuza ile geji mkononi, akikwepa macho ya mkewe. Mwishowe alisema, "Wewe ni mtu mzuri, Mama Wamae. Mimi sistahili." Murugi alifurahi hata akasahau kidole chake. Alisimama karibu wakati fundi akifunga geji kwenye deshibodi, na kwa mara ya kwanza akaipapasa pikapu ubavuni. Sasa Kingori angeona joto likianza, apoze maji mapema, alale nyumbani kwake.

Ijumaa hakurudi.

Alifika Jumamosi, saa nne asubuhi. Aliingia jikoni na viatu vyenye matope, akaketi, macho mekundu. Murugi alikuwa amepanga maneno makali tangu alfajiri. Alipomwona alivyochoka, akayameza, akamtilia chai. Wivu wenyewe aliuona ni upuuzi. Mwanamke mzima anagombana na chuma! Kama mumewe alipenda gari, basi naye angejifunza kulipenda, waliangalie wote wawili.

Akavuta kigoda karibu naye.

"Watiri alipandisha tena?" aliuliza. Jina hilo halikuwahi kutoka kinywani mwake bila sumu. Leo alilitamka polepole, kwa huruma.

"Alipandisha," Kingori alisema. Alikuwa amefumba macho, kikombe katikati ya viganja, kama mtu ambaye hatimaye amepata wa kumsaidia mzigo.

"Pole, Baba Wamae. Ilifika ngapi?"

"Mia na nne. Lakini daktari amesema ni meno tu yanaota."