Beseni la Khaemba

Haki ya Mungu, haya ni ya kweli tupu. Mzee Khaemba, mstaafu wa reli pale Voi, alikuwa akiifunika kaktasi yake ya Krismasi, mmea wa chunguni, kwa beseni kila jioni. Alidai isipolala gizani haitoi maua, na taa ya geti ilikuwa inaikosesha usingizi.

Jirani yake, Mama Sharon, aliyezoea chuku zake, alibisha. Wakawekeana dau: Krismasi ikifika na ua, Mama Sharon atatoa jogoo, ikifika bila ua, yeye ataihamishia kaktasi kwao Sagalla, mlimani kwenye baridi.

Asubuhi ya Krismasi, ua jekundu lilikuwa linaning'inia barazani.

"Si nilikwambia? Lete jogoo!"

Mama Sharon akaligusa. Lilikuwa la kitambaa, limefungwa kwa uzi.

"Mzee, hata siku ya leo?"

Khaemba akacheka peke yake. Mama Sharon alikuwa akifungua uzi polepole, mara vidole vikasimama. Chini ya fundo, kwenye ncha ya jani, palikuwa na kitumba cha ua, chekundu, kidogo kama punje ya mchele.

"Kumbe ulikuwa unaifunika kweli."

Khaemba aliinama akakitazama. Katika hadithi zake zote, hii ndiyo iliyokuwa ya kweli, na ndiyo aliyoshindwa kuingoja.

"Basi iache hapa ifunguke," Mama Sharon akasema.

"Hapana. Krismasi imefika bila ua."

Akamkabidhi chungu kwa mikono miwili, akaingia ndani, akatoka na beseni.

"Jioni uifunike," alisema. "Haipendi kukesha."