Ndege ya Sebuleni

Wiki tatu Hemedi alibandika vipande vya plastiki kwa gundi, hadi kile kindege cha kivita kikakamilika, sawasawa na zile ndege zilizopita juu ya mji wao wakati wa vita, yeye akiwa mtoto. Adhuhuri akakitundika darini kwa uzi, akamwita mama yake aje aone ufundi.

Bi Zaituni akatoka jikoni, mwiko mkononi. Akatazama juu. Akarudi mbio, akaumwagia moto maji.

“Mama! Wali haujaiva!”

“Nyamaza, baba,” alinong'ona akirudi sebuleni, akimvuta chini ya meza. “Wataona moshi.”

Hemedi akainama. Juu yao kindege kilizunguka polepole kwenye uzi, pua ikaelekea jikoni, ambako moshi mweupe ulianza kutoka mlangoni.