Swichi ya Tatu

"Bi Mwatum, mwambie huyo bwana achomoe achomeke tena."

Bi Mwatum, karani wa ofisi ile ya Gombani, aliinua uso. "Silima, Suud anasema uchomoe uchomeke tena."

"Nimemsikia. Mwambie nishafanya."

Baina yao lilikuwepo kabati la mitambo tu. Suud yuko nyuma na kebo, Silima yuko mbele na kompyuta. Walikuwa mafundi wenza, na tena mashemeji: Silima alimuoa Shatha, dada yake Suud. Lakini tangu uchaguzi hawasemezani, kila mtu na chama chake. Idi zilikuja zikapita, Shatha hajatia mguu kwao Mtambile, na mama yake kachoka kumuulizia.

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo. Swichi tatu, vile visanduku vya kugawa mtandao, zimepangwa moja juu ya nyingine. Zinaunganishwa kwa nyuma zifanye kazi kama moja, kisha zote zisimamiwe kutoka kompyuta ile. Kompyuta ikaziona mbili tu.

Suud alishamjua mkosa. Silima anamharibia makusudi! Na yeye asubuhi ile alitoka nyumbani amekusudia kupatana naye, ila kila akifungua mdomo, ulimi unagoma. Basi sasa atamshitaki kwa wakubwa. Maneno ya mashitaka akayapanga kimoyomoyo, akayarudia, akayaona matamu.

Akawasha tochi ili apate ushahidi. Akaifuata kwa kidole kebo ya swichi ya chini. Ilitoka swichi ya chini, ikazunguka vizuri, ikaingia swichi ya chini.

Aliyeichomeka ni yeye, huku akipiga mluzi.

"Lahaula! Nimeiunganisha na nafsi yake!" Suud alipiga ukelele. "Shemeji, njoo umtazame fundi mkuu wa Pemba!"

Silima akazunguka kabati, akachungulia, akacheka mpaka akashika ukuta. Suud naye akacheka, machozi yakamtoka. Bi Mwatum akacheka nao bila kujua kinachochekwa.

Kebo ikahamishwa. Kompyuta ikaonesha swichi zote tatu. Bi Mwatum akaenda kuwatengenezea chai, na kwa mara ya kwanza wakabaki wawili tu.

"Shemeji, mie nimechoka," alisema Suud. "Mama anamtaka mwanawe. Nimefikiri sana, nikaona chama hakizidi udugu. Nilikuwa natafuta pa kuanzia kukwambia, kiburi kinanizuia. Juzi nimehamia chama chako. Tena hatuna la kugombania."

Silima alikaa taratibu juu ya boksi tupu.

"Juzi?"

"Juzi. Mbona hukufurahi?"

Silima alijishika kichwa. "Mie jana nimehamia chako."