Leseni ya Redio

Rubani Tunu Mbaruku alikuwa ametua ugenini kumchukua mgonjwa wa figo, amrudishe kwao ng'ambo ya mpaka. Ofisini, afisa wa uwanja akazipitia karatasi zake.

"Leseni ya urubani naiona, dada. Ya kutumia redio iko wapi?"

 Miaka kumi na miwili Tunu alikuwa akiongea redioni akiwa angani, na nchini kwake hakuna aliyewahi kumwuliza.

"Kwetu haitakiwi, kaka."

"Ukishavuka mpaka inatakiwa. Bila hiyo huruki."

 Dirishani aliona machela ikipandishwa ndegeni. Redio ya mezani ikakoroma: mnara wa kuongozea ndege ulikuwa ukimwita kwa namba ya ndege yake, ukiuliza kama yuko tayari kuruka. Afisa akamtazama. Mkono wa Tunu, kwa mazoea, ulikuwa umeshafika katikati ya meza kuifuata redio ili ajibu.