Nyuzi za Uwani

Mama Mwajabu hakumuuliza mtu. Alichukua jembe asubuhi, akalima majani yote ya uwani. Jioni bintiye akarudi kutoka chuoni.

"Mama! Umelima majani yangu ya utafiti?"

"Majirani wananicheka, mwanangu. Msomi mzima, kwao pori!"

Mwajabu alipiga magoti, akainua bonge la udongo. Nyuzi nyeupe za kuvu, nyembamba kuliko nywele, zilizounganisha mizizi ya jani hili na lile, zilining'inia zimekatika. Alizifuatilia miaka mitatu. Kilibaki kipimo cha mwisho.

"Si zitaota tena?"

"Na shahada yangu nayo itaota, mama?"

Mama akaenda kuchota maji, akaanza kuumwagilia udongo mtupu, ndoo baada ya ndoo, huku Mwajabu akimsihi aache.