Majibu ya Punje

Bibi alichagua kiti cha karibu na mlango, kama mtu anayengoja kufukuzwa. Mbele ya daktari alikaa Mama Punje, mke wa mwana wa bibi. Katikati yao Punje alining'iniza miguu. Miaka tisa, na viatu bado havijafika sakafuni.

"Bibi, kitendawili."

"Tega, ila polepole."

"Kila mwaka napewa mwaka, kimo sipewi."

Bibi alijua jibu. Akajifanya anasoma tangazo ukutani.

Miaka mitatu alimsema Mama Punje. Mtoto hashibi. Mtoto halali vya kutosha. Siku moja, mbele za majirani, akasema mama goigoi huzaa vijiti. Mama Punje alimeza yote. Ndiye aliyehangaika mpaka akaipata kliniki hii, akarudi nyumbani na kijiti cha pamba cha kusugulia shavu la mtoto kwa ndani, na kichupa cha kukitilia ili mate yakapimwe. Asubuhi ya kusugua akaitwa kazini ghafla. "Nisaidie, mama," alisema. Bibi akakipeleka kichupa kliniki yeye mwenyewe, kimefungwa vizuri, jina la Punje juu yake.

Tangu siku ile hakumsema tena. Mama Punje alidhani ni uzee.

Daktari alifungua bahasha. "Tumepata. Kuna kasoro kwenye vinasaba, pale panapoamuru mifupa irefuke. Mtu huzaliwa nayo. Si chakula, wala si malezi."

Mama Punje alijifunika uso kwa viganja. "Kwa hiyo si mimi."

"Si wewe. Na dawa ipo. Sindano kila siku, tunaanza leo, kabla mifupa haijakomaa." Muuguzi akaingia na sinia. "Kasoro hii hutembea katika ukoo. Kwenu kuna mtu mfupi?"

Wote wakamgeukia bibi, ambaye hata kabati la vyombo nyumbani hulifikia kwa kupanda kigoda.

"Mfupi mimi? Nyinyi ndio mmezidisha," alisema, lakini sauti haikutoka na utani.

Mama Punje alicheka huku machozi yakimtiririka. Akaja, akachuchumaa mbele yake, akamshika mikono. "Usijilaumu, mama. Hakuna anayechagua cha kumrithisha mtoto. Yaliyopita tuyaache."

Afadhali angemtukana.

Muuguzi alikuwa anampangusa Punje paja kwa pamba yenye spiriti. Punje alifumba macho, akauma mdomo, tayari.

"Iweke chini hiyo sindano, mwanangu," bibi alimwambia muuguzi. Kisha akamtazama Mama Punje, mara ya kwanza tangu asubuhi. "Siku ile ya kusugua Punje alilia, akakaza meno. Nami nilitaka majibu yatoke safi, na mimi sijaugua tangu nizaliwe. Mate yale ni yangu."